Kidonda changu siku 27, cha dogo siku 15

Ilikuwa mwezi wa sita, ile baridi ya Lubumbashi inayoingia mpaka kwenye mifupa, umeme ukarudi saa tatu usiku na mimi nina portai ya mtu, geti lake, ya kumaliza kabla ya jumamosi. Kwa wasionijua, kazi yangu ni kuchomelea vyuma, sisi huku Katuba tunasema kusude, na umeme ukija usiku basi kazi ni usiku, hakuna cha kujadili. Nilikuwa na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana miaka 19, yeye ananishikia chuma na mimi nakata. Nikakata kipande cha kornieri, kile chuma cha pembe, kidogo tu kama urefu wa kidole, kikaruka kingali chekundu, kikanigusa mkono hapa chini ya kiwiko, kikateleza, kikaenda kutua kwenye mkono wa dogo kabla hajautoa. Wote wawili tukapiga kelele kwa pamoja, halafu tukacheka, maana ukifanya kazi hii bila kucheka utaacha.

Chuma kimoja, usiku mmoja, saa moja. Alama mbili za mviringo, kila moja kama sarafu.

Mimi nina miaka 48. Mkono wangu umejaa hizo alama za zamani, nyingine sizikumbuki hata zilitoka wapi, na nilikuwa najua hii nayo itapita tu. Mama watoto ni infirmieri, muuguzi, kwenye sentri ya afya, anafanya plansema, yaani kufunga vidonda, kutwa nzima, akirudi nyumbani anakuta wateja wengine wawili wanamsubiri kwenye kiti, mimi na dogo. Siku ya kumi na mbili dogo akajiangalia mkono, akaangalia na wangu, akasema, "Mujomba, yangu ilisha kauka, yako ingali inalia." Ile neno ikanikaa. Si kwamba nilikasirika, hapana, ila nilijisikia kama gari ambalo fundi amelizunguka mara moja halafu akatikisa kichwa.

Mama watoto akaniambia kitu cha kwanza tutapima sukari. Hilo naliweka hapa juu kabisa msije mkalisahau na hadithi zangu, kidonda kinachochelewa kwa mtu mzima kinaweza kuwa kisukari kimejificha, nenda upime, usikae unapaka mafuta ya breki kama nilivyoona watu wanafanya garajini. Yangu ilikuwa sawa. Akaniambia, "Basi ni miaka, papa. Kidonda ya mutu ya makumi ine na munane haiponake sawa ya mutoto."

Nikamuuliza, haiponake sawa kivipi, kwa kiasi gani? Maana mimi ni mtu wa vipimo, kwangu milimita mbili zikikosea mlango haufungi. Hakujibu, alikwenda jikoni akarudi na kipande cha sasheti, mfuko wa plastiki, nyeupe ile inayoonyesha, akaipangusa na alkoli, akaitandika juu ya kidonda changu na kuchora ukingo wake na kalamu ya bik. Halafu cha dogo. Akasema huko shuleni waliwafundisha hivyo. Nikachukua ile sasheti, nikaiweka juu ya karatasi ya milimita ya binti yangu wa shule, nikahesabu viboksi kimoja kimoja, vile vilivyokatwa nusu nikavihesabu viwili kuwa kimoja.

Bahati nzuri alikuwa ameshachora zile za mwanzo kwenye kadi, kwa mazoea yake tu ya kazi, kwa hiyo nilipata kuanzia siku ya kwanza. Changu kilianza na milimita za mraba 302, cha dogo 288. Siku ya sita changu 260, chake 170. Siku ya kumi na mbili, ile aliyonitania, changu 165 na chake 24. Siku ya 15 cha dogo kikafunga kabisa, ngozi nyekundu nyembamba kama karatasi ya vitunguu. Changu kilifunga siku ya 27. Najua, najua, watu wawili si ushahidi, na inawezekana chuma kiliponigusa mimi kwanza kilikuwa na moto zaidi kikaingia ndani zaidi, mama watoto alinikumbusha hilo kila mara nilipoanza kujisifia karatasi yangu. Lakini ukiona mistari miwili umeichora kwa mkono wako mwenyewe, mmoja unashuka kama mteremko na mwingine unatambaa, unaanza kuuliza nani alifanya hivi kabla yangu.

Kumbe kuna watu. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia, huko Compiègne Ufaransa, kulikuwa na hospitali ya wanajeshi iliyokuwa inaongozwa na daktari Alexis Carrel, yule aliyepata Nobel mwaka 1912 kwa kujua kuunganisha mishipa ya damu (sudere wa mishipa, mtu wa kazi kama sisi). Alikuwa anachora ukingo wa vidonda vya wanajeshi kwenye selofani, yaani sasheti ya mama watoto kabisa, halafu anapima eneo na chombo cha kuzungusha juu ya mstari. Mwenzake Pierre Lecomte du Noüy, ambaye roho yake ilikuwa kwenye hesabu, akachukua zile namba akatengeneza fomula: nipe ukubwa wa kidonda na umri wa mwanajeshi, nitakuambia kitafunga lini. Na kidonda kikichelewa kuliko hesabu, walijua kuna uchafu ndani. Lakini katika ile fomula kulikuwa na kitu kingine kikubwa kuliko uchafu, ni umri. Kidonda kile kile, usafi ule ule, mwanajeshi mkubwa anachelewa kuliko kijana, na kuchelewa kwenyewe kuna mpangilio unaoweza kuandikwa. Yaani mwili una saa yake, na du Noüy alikuwa anaisoma kwenye ukingo wa kidonda.

Carrel mwenyewe nisimpambe sana, baadaye aliandika mambo ya kuchagua nani anafaa kuishi na nani hafai, mambo ya kutisha. Na hata kwenye sayansi yake aliwadanganya watu miaka mingi, labda alijidanganya na yeye, alisema seli za moyo wa kifaranga anazozilisha kwenye chupa haziwezi kufa, zilikaa huko New York kuanzia 1912 mpaka 1946, na dunia nzima ikaamini seli ikipewa chakula inaishi milele. Ikabidi mwaka 1961 mtafiti Mmarekani Leonard Hayflick aonyeshe kwamba seli za kawaida za binadamu zikishagawanyika kama mara 50 hivi zinasimama. Hazifi papo hapo, zinasimama tu, zinakaa pale bila kufanya kazi, na mbaya zaidi zinatoa vitu vinavyowasumbua majirani. Kila garaji ina mzee wa namna hiyo.

Sasa kwa nini changu kilitambaa? Nilimsumbua mama watoto mpaka akanieleza huku anachambua dagaa. Kidonda kwanza damu inaganda, halafu zinaingia seli za kusafisha, zinakula uchafu na vilivyokufa, halafu zinakuja za kujenga nyama mpya, na ngozi inatambaa kutoka kingoni kuelekea katikati. Kwa mtu mwenye umri wale wa kusafisha wanachelewa kufika, na wakishafika wanachelewa kuondoka, kwa hiyo wa kujenga wanakuta kiwanja bado kina watu. Damu yenyewe inafika kwa shida, seli za ngozi zinagawanyika polepole. Hakuna kitu kimoja kilichovunjika, ni kila mtu kwenye foleni anachelewa kidogo.

Na hata kikifunga si kwamba kimerudi. Hapa njo mimi fundi niliumia. Sudi nzuri, ukiifanya vizuri, ukivuta chuma kinavunjikia pembeni, pale ulipounganisha panabaki, panakuwa pagumu kuliko chuma chenyewe. Kovu si hivyo. Kovu hata likikomaa miezi mingi nguvu yake inafika kama asilimia 80 ya ngozi ya mwanzo, zaidi ya hapo haiendi. Nilikuwa nawaambia vijana mwili ni fundi mkubwa kuliko sisi wote, sasa nasema kwa haraka ya kazi mwili unatushinda, kwa ubora wa kiungo tunaushinda sisi.

Kidonda kikafunga na mimi nikabaki na hamu ya kupima. Lakini huwezi kujichoma kila mwezi ili uone unaponaje. Ndipo nikakutana na habari ya kucha.

Kulikuwa na daktari Mmarekani, William Bean, wa huko Iowa. Huyu mtu kila tarehe moja ya mwezi alikuwa anachukua tupa, anakata kamstari kadogo kwenye kucha ya dole gumba, hapo chini karibu na nyama, halafu anangoja kale kamstari kapande mpaka juu kwenye ncha, anahesabu siku. Alifanya hivyo miaka 35! Akatoa matokeo mwaka 1980. Alipokuwa na miaka 32 kucha yake ilikuwa inakua milimita 0.123 kwa siku, alipofika miaka 67 ikawa 0.095. Ukiangalia ni kama si kitu, lakini ni karibu robo ya mwendo imepotea, kwa mtu yule yule na dole lile lile, na chombo chake kilikuwa tupa tu. Sijawahi kumpenda mwanasayansi kama nilivyompenda huyu.

Tupa mimi ninazo kumi na moja. Tarehe moja mwezi wa nane nikaita nyumba nzima. Binti yangu wa mwisho ana miaka 9, dogo, mimi, mama watoto ana miaka 41, na mama yangu mzazi ambaye anakaa na sisi tangu mwaka jana, miaka 73. Kila mtu mstari mmoja, mwembamba, na tupa ndogo ile ya kunolea misumeno. Binti alifurahi akataka tano. Mama yangu alinipa dole bila kuuliza, akaangalia pembeni, kama mtu anayekatwa nywele. Nikaandika kwenye kalenda ile tuliyopewa kanisani, jina na tarehe. Yangu mimi iliharibika wiki ya tatu kwa sababu ya mashine ya kusugulia, ikabidi nianze upya kwenye mkono wa kushoto, hilo nalo ni somo, Bean hakuwa sudere.

Wakati tunangoja kucha zipande (miezi minne kasoro, msiwe na haraka) nilisoma kingine kilichonifanya niache kumcheka fundi wa magari jirani yangu. Yeye akitaka kujua shokapu kama zimekufa, hafungui kitu. Anakuja kwenye kona ya gari, anaegemea kwa nguvu, anaachia, anahesabu linadunda mara ngapi. Nzuri inashuka, inarudi, inatulia. Iliyokufa inadunda, inadunda, kama mlevi anatafuta mlango. Na barabara zetu mnazijua, mashimo hayahesabiki, kwa hiyo swali si kama utaingia shimoni, swali ni ukitoka utatulia baada ya muda gani.

Mwaka 2021 watafiti wa kampuni moja ya Singapore na wenzao wa Marekani walitoa kazi kwenye jarida la Nature Communications, walifanya kitu hicho hicho kwa damu. Si mashine ya ajabu, ni ile hesabu ya kawaida ya chembe za damu, hata hapa maabara za mtaani wanaifanya. Walichukua watu waliopimwa tena na tena, wakaangalia namba za mtu zikitoka kwenye mstari wake wa kawaida, kwa malaria, kwa mafua, kwa uchovu, kwa chochote, zinachukua muda gani kurudi. Kwa watu wa miaka 40, kama wiki 2. Kwa watu wa miaka 80, wiki 6 na kuendelea. Hata hatua za kutembea zinazohesabiwa na zile saa za mkononi zilionyesha picha ya namna hiyo. Halafu wakavuta mstari mbele, wakasema mahali fulani kati ya miaka 120 na 150 muda wa kurudi unakuwa hauna mwisho, yaani ukitoka umetoka, hata shimo dogo halikurudishi. Magazeti yote yakashika hiyo 150, wakati mpaka leo aliyeishi muda mrefu kuliko wote kwa karatasi zinazoaminika ni yule bibi wa Ufaransa, Jeanne Calment, alikufa 1997 akiwa na miaka 122. Mimi hiyo 150 siitaki, ni mstari umevutwa kupita mahali watu walipo. Nilichokishika ni zile wiki. Kwa sababu mtu wa miaka 80 akipata homa mwezi huu, na nyingine mwezi ujao, ya pili inamkuta bado hajatoka kwenye ya kwanza, na sisi tunasema mzee amezidiwa ghafla. Si ghafla, alikuwa bado anadunda.

Nikawaelezea hili wazee wa pale kwenye kibanda cha kahawa, mmoja akaniuliza, sasa huo moyo wenyewe unajitengeneza au hautengenezi? Swali zuri kuliko yote, na jibu lake, nisamehe, linapita nyumbani kwetu Katanga.

Mnajua mgodi wa Shinkolobwe, huko upande wa Likasi. Babu yangu alifanya kazi Union Minière, ile kampuni ya migodi, si Shinkolobwe penyewe, lakini jina hilo kwetu lilikuwa linatajwa kwa sauti ndogo. Uranium ya kule ndiyo iliyoingia kwa wingi kwenye bomu la Hiroshima, tarehe 6 mwezi wa nane 1945. Baada ya hapo mataifa makubwa yakaanza kujaribu mabomu juu angani, moja baada ya lingine, mpaka mwaka 1963 waliposaini huko Moscow kuacha majaribio ya angani. Kila bomu lilikuwa linatengeneza kaboni ya aina yake, kaboni 14, mpaka kiasi chake hewani kikakaribia mara mbili ya cha kawaida, halafu baada ya 1963 kikaanza kushuka mwaka hadi mwaka. Hiyo kaboni majani yakaivuta, mahindi yakaivuta, ng'ombe akala majani, watu wakala mahindi, bukari, yaani ugali, ya mama zetu Katuba nayo ilikuwa nayo, hakuna aliyeponea. Na seli inapozaliwa inajenga DNA yake na kaboni iliyopo siku hiyo. Kwa hiyo kila seli imebeba ndani yake mhuri wa mwaka wake.

Mtafiti Jonas Frisén na timu yake huko taasisi ya Karolinska, Stockholm, wakaona hapo kuna kipimo. Wakachukua mioyo ya watu waliokufa, wakasoma ule mhuri kwenye seli za misuli ya moyo, wakalinganisha na mwaka wa kuzaliwa wa mtu. Kama moyo haujitengenezi kabisa, mhuri wote ungekuwa wa mwaka wa kuzaliwa. Haukuwa. Mwaka 2009 walisema kwa mtu wa miaka 25 asilimia 1 ya seli za misuli ya moyo inabadilishwa kwa mwaka, kwa mtu wa miaka 75 ni asilimia 0.45. Maisha yote mazima, chini ya nusu. Zile nyingine unazaliwa nazo unazikwa nazo.

Nilikaa na hiyo namba siku kadhaa. Mawe yaliyochimbwa na watu wetu, kwa mikono, yalikwenda kufanya kile yalichofanya, na vumbi la ile biashara nzima njo leo linamwambia daktari wa Sweden kwamba moyo wa mzee unajitengeneza kwa kasi kama nusu ya wa kijana. Sijui nifurahi au nikae kimya. Wazee pale kwenye kahawa walikaa kimya.

Kuna kipimo kingine cha moyo ambacho ni cha haraka, mwaka 1999 madaktari wa Cleveland Marekani waliona watu wakiacha kukimbia kwenye mashine, dakika moja baadaye mapigo yasiposhuka zaidi ya 12, hao walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa miaka iliyofuata. Mimi na dogo tulijaribu baada ya kushusha vyuma kutoka kwenye kamioneti, yake yalishuka 38, yangu 21. Huo ni mchezo, si hospitali, ukitaka kweli nenda kwa daktari.

Turudi kwenye kucha, maana mstari wa binti ulifika ncha wa kwanza, nikashangilia peke yangu. Halafu wa dogo. Halafu nikatarajia wa mama watoto, kisha wangu, kisha wa mama. Kwa umri njo ilikuwa iwe hivyo. Wangu ukafika, na mimi nilianza wiki tatu nyuma yao. Wa mama watoto ulikuwa bado.

Nilifikiri nimekosea kuandika. Nikapima na kalipa yangu ya kazi, ile ya kupimia unene wa chuma, nikapima tena. Mke wangu ananipita miaka saba kwa udogo na kucha yake inatembea nyuma ya yangu. Na hapo nikakumbuka kitu nilichokiona kwa macho lakini sikukihesabu, kwamba mwezi wa tisa bukari iliruka kwenye sufuria ikamchoma juu ya mkono, kadogo, kama milimita 90 za mraba, dogo alikachora kwenye sasheti kwa utani, na kale kadonda kalikaa siku 31. Kadogo kuliko changu mara tatu. Niliona nikasema ni maji, kazi yake ananawa mikono kutwa nzima, na kweli maji yamo.

Lakini nilikuwa nimeshasoma kazi moja ya Ohio, ya mwaka 1995, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake, nikaipita haraka kwa sababu niliona ni ya watu wengine. Walichukua wanawake 13 wanaomlea nyumbani ndugu aliyepoteza kumbukumbu, na wengine 13 wa umri wa namna hiyo ambao hawana mgonjwa. Kila mmoja akatobolewa kidonda kidogo mkononi, milimita 3.5, kwa kifaa kimoja, wote sawa. Wale wasio na mgonjwa wakapona kwa wastani wa siku 39. Wale walezi, siku 48 na zaidi. Siku tisa nzima, na hakuna aliyewachapa, hakuna aliyewanyima chakula, ni ule uzito tu.

Mama yangu tangu mwaka jana anasahau. Alianza na majina, akaenda kwenye siku, sasa usiku anaamka anatafuta mlango wa nyumba ya Likasi tuliyoihama mimi nikiwa mtoto. Nani anaamka kumrudisha? Mimi nilikuwa nasema nimechoka na mashine. Nyumba yetu ukuta mmoja ni wa mabati, nasikia vizuri sana anapoitwa mama watoto, nasikia na miguu yake inashuka kitandani, halafu nageuka upande wa pili.

Nilimpelekea kalenda jikoni, na kalipa, na ile sasheti ya dogo, nikaanza kumweleza Ohio. Alinisikiliza mpaka mwisho, anakoroga. Halafu akasema, "Shi miezi yote unapima kucha, na mi silalake. Ungeniuliza tu, papa, ningekuambia bure, bila karatasi."

Sikuwa na la kujibu. Nikasema kitu cha kijinga, nikasema lakini sasa tuna namba. Akacheka kidogo, si sana.

Kuna kazi nyingine ya mwaka 2023 inayosema umri wa mwili unaosomwa ndani ya seli, si ule wa miaka ya kuzaliwa, unaweza kupanda na kushuka, wazee waliovunjika nyonga wakapasuliwa kwa dharura, asubuhi yake damu yao ilisomeka imezeeka, na siku chache baadaye ikarudi pale pale ilipokuwa. Nilimsomea hiyo pia. Akasema basi mutulaze.

Tumegawana usiku. Jumatatu, jumatano, ijumaa na jumamosi ni mimi, dogo anachukua jumapili, dada yangu alikuja mwezi wa kumi na mbili akakaa wiki tatu akarudi Likasi, ameahidi kurudi pasaka. Tarehe moja nilichora mistari mipya, mama watoto alitoa dole akasema hii mara ya mwisho, na mstari wake kwa leo uko milimita mbili na nusu kutoka chini, mapema kusema lolote.

Usiku wa zamu yangu mama anaamka kama saa nane. Namkuta kwenye korido ameshika ukuta, nampa mkono, na kila mara akiushika kidole chake kinakuta lile kovu hapa chini ya kiwiko, limekuwa laini sasa, linang'aa kidogo kwenye tochi ya simu. Analipapasa. "Nani alikuchoma, mwana wangu?" Namwambia chuma, mama, ilisha pona. Anasema pole. Tunatembea mpaka kitandani, na kabla hajalala analikuta tena, anauliza tena.